Boriti ya Kutoka Amalesi

Paa la kanisa letu liliporomoka asubuhi, wakati watu wako mashambani wanachuma karafuu. Tetemeko lenyewe halikuwa kubwa. Vikombe vililia kabatini, mbwa wakabweka, kuku wakaruka ua, tukadhani yamekwisha. Ndipo tukasikia mshindo kama wa nazi nyingi zinazomwagwa kwa pamoja, na vumbi jeupe likapanda juu ya minazi. Ndani hamkuwa na mtu. Alikuwamo mbuzi wa mchungaji tu, amejilalia penye ngazi za mimbari, naye alitoka kwa miguu yake mwenyewe, mweupe wa chokaa, akaenda zake kula majani.

Tukamshukuru Mungu. Kisha tukaingia kuangalia, na furaha ikatuishia mlangoni. Boriti kuu, ile ya juu kabisa inayoshikilia paa zima, ilikuwa imekatika katikati kama muhogo. Boriti hiyo ilikuwepo kabla bibi yangu hajazaliwa. Haikuwa ya hapa. Kisiwa chetu ni kidogo. Kina mikarafuu, mikungumanga, minazi na mawe. Mti wa kutoa boriti ya namna ile unaota Seram, kisiwa kikubwa ng'ambo ya mlango wa bahari, na msitu ulioutoa ule mti ni wa watu wa Amalesi.

Watu wa Amalesi ni Waislamu, sisi wa Hatuela ni Wakristo, na kabla ya dini zote mbili tulikuwa tayari ni ndugu wa kuchanjiana. Mababu wa vijiji hivi waliokoana baharini, wakachanja vidole, damu wakaichanganya na tembo la mnazi, wakanywa chungu kimoja. Wakaapa: hatutapigana, hatutaoana, hatutanyimana. Mmoja akijenga, mwingine anabeba. Akifika shambani kwa nduguye akaona tunda, anachuma, haombi. Serikali huko Jakarta inajua visiwa vya nchi hii ni maelfu mangapi. Bibi yangu hakujua hata vya mkoa wetu, lakini alijua ni kipi chenye watu ambao hangeweza kuwanyima kitu.

Tatizo ni kwamba tulikuwa hatujavuka kwenda Amalesi kwa karibu miaka ishirini.

Mimi naitwa Yakomina. Niliyotaka kuwasimulia ni habari za wifi yangu Dorkas Lekahena, dada wa mume wangu. Kwetu mkuu wa kijiji huitwa Raja, na kiti hicho ni cha ukoo wa akina Lekahena. Mume wangu Marthen ndiye aliyepaswa kukikalia, lakini alisema yeye na mikutano ni paka na maji, basi wazee wakageuka kushoto na kulia, wakamkuta Dorkas. Hakuwahi kuwapo Raja mwanamke Hatuela kabla yake. Wengine walimkubali. Wengine walimwita Mama Raja mbele yake, na nyuma yake wakamwita "yule wa Marthen."

Jioni ya siku ile ile kijiji kizima kilikusanyika barazani. Mchungaji akasema wilaya iko tayari kutupa vyuma vya paa, tukitaka.

"Kanisa hili halijawahi kubebwa na chuma," Dorkas akasema. "Boriti inatoka Amalesi."

Wa kwanza kujibu alikuwa Tete Mias. Tete ni babu. Hivyo ndivyo sote tulivyomwita, hata wenye wajukuu wao. Yeremias Manuhutu alikuwa mzee wa kanisa tangu mimi naimba kwaya ya watoto, na sauti yake ilikuwa bado ile ile, ya mtu anayeita mashua.

"Amalesi ndio akina nani?"

"Tete, usinifanyie hivyo mbele ya watu."

"Nauliza, mwanangu. Niliwahi kuwa na ndugu huko. Kisha ndugu hao wakajenga msikiti wao upya, wakasimamisha nguzo zote, na hawakutuita hata kubeba kokoto. Nani alisikia mwaliko? Wewe ulisikia? Wewe?"

"Ulikuwa wakati wa machafuko ya dini," Dorkas akasema. "Watu wanachomeana nyumba mjini Ambon, bahari imejaa boti zisizojulikana. Wangetuitaje? Boti iliyojaa Wakristo ingepita vipi pale katikati?"

"Wangeita. Kukataa tungekataa wenyewe."

Watu wakaguna kumuunga mkono, na mimi nikajifunika mdomo na leso. Hao ndio sisi kabisa. Mtu wa Hatuela ukimwalika, hana nafasi; usipomwalika, halali.

"Haya," akasema Dorkas. "Yamepita. Sasa paa liko chini, na sheria ya wazee inasema tuwapelekee tambuu. Nitapeleka."

"Mwanamke hapeleki tambuu."

"Basi peleka wewe, Tete."

Mzee aligonga fimbo sakafuni mara moja, kisha akaitazama ile fimbo kana kwamba imesema jambo. "Mimi siendi," alisema. Hakulisema kwa hasira. Nilitegemea hasira, ndiyo maana nikaliona hilo.

Tukaondoka Jumatatu asubuhi, Dorkas, mimi, na Marthen kwenye injini. Tulivaa nguo nyeusi za kanisani, na Dorkas alishika kijaluba cha shaba chenye majani ya tambuu, popoo na chokaa. Upande wa Seram tukakuta maji yamekupwa, boti ikagusa mchanga mbali na kijiji. Marthen akasema yeye hawezi kuiacha injini. Mwongo mkubwa, aliogopa. Tukashuka, tukapandisha nguo mpaka magotini, tukaanza kukanyaga matope, wifi yangu kijaluba kichwani.

"Ukianguka na hicho kitu," nikamwambia, "nakuacha hapa hapa uliwe na kaa."

"Nikianguka, Raja ni wewe."

"Mungu apishe mbali. Tembea vizuri, mama."

Wanawake walikuwa wakiokota chaza pale matopeni. Mmoja akajinyoosha, mkono kiunoni. "Mnatoka wapi nyie na nguo za msibani?"

"Hatuela."

"Hatuela ipi?"

"Ipo moja tu."

"Aaa. Sisi tulisikia mmezama."

Wenziwe wakacheka. Zamani ndugu hawa walitutania hivyo hivyo, lakini zamani wangekuwa tayari wameshatupokea mizigo na kutushika mikono. Safari hii waliinama tena kwenye chaza zao. Tukapita katikati yao bila kupewa hata fimbo ya kuegemea, na moyo wangu ukaanza kudai turudi.

Nyumba ya kwanza ya kijiji ilikuwa na kibanda cha mabati mbele, na chini yake mwanamke wa rika letu, ushungi wa buluu, anakaanga ndizi. Zilizoiva zilikuwa zimepangwa kwenye sinia. Dorkas hakubisha hodi. Hakusalimu. Alikwenda moja kwa moja, akachukua ndizi, akauma.

Niliona giza. Mwenyewe kasimama na upawa unaochuruzika mafuta ya moto, na wifi yangu, Raja mzima, anatafuna mali ya watu.

Yule mwanamke akamtazama Dorkas, akaitazama ndizi, akamtazama tena.

"Mwizi wewe," akasema.

"Kwa ndugu hakuna mwizi."

"Nani kakwambia una ndugu hapa?"

"Mdomo wangu. Ingekuwa si ya ndugu, kiapo kingekuwa kimeshauvimbisha."

Dorkas aliendelea kutafuna, lakini mimi niliyekuwa nyuma yake niliona mgongo wake umelowa. Mafuta yalilia kikaangoni. Yule mwanamke aliteremsha upawa taratibu.

"Hiyo uliyochukua haijaiva ndani," akasema. "Lete. Shika hii." Kisha akanigeukia. "Na huyu bubu?"

"Huyu ni wifi yangu. Si bubu, ni mwoga."

"Mwoga anakula ndizi?"

"Anakula," nikasema, na sauti yangu ikatoka kama ya kifaranga.

Jina lake lilikuwa Halija Tuanaya. Alizima moto, akatupeleka mwenyewe barazani, na njiani kila aliyeuliza ni nani hawa alimjibu, "Wezi wa ndizi zangu." Tulipofika, kijiji chote kilikuwa nyuma yetu.

Raja wa Amalesi, Bapa Taslim, yaani Baba Taslim, ni mtu mpole mwenye macho ya kuchoka. Alikipokea kijaluba kwa mikono miwili, lakini hakukifungua. Alikiweka kwenye mkeka kati yetu. Kukifungua na kutafuna ndiko kukubali.

"Mama Raja," akasema, "mti mtapata. Kiapo ni kiapo, siwezi kuwanyima, na nikiwanyima najua litakalonipata. Lakini nina watu wenye uchungu. Tulijenga msikiti katika hali ile bila kuwaita ili msije mkauawa njiani. Tuliwahurumia. Bahari ilipotulia tukasema, sasa watakuja watupe pole. Tukangoja. Haikuja hata boti moja."

"Na sisi tulikuwa tunangoja mwaliko," Dorkas akasema.

"Mwaliko wa kutupa pole?"

Watu wakacheka kidogo, na Dorkas naye akacheka, maana lilikuwa jambo la kuchekesha kweli, vijiji viwili vimenuniana juu ya maji kama wake wenza. Lakini Halija hakucheka. Alikuwa amesimama karibu na nguzo.

"Bapa Raja, naomba kusema." Akatugeukia. "Mimi baba yangu ni Kasim. Kasim Tuanaya. Mnamjua?"

Tulimjua. Nani asiyemjua? Kasim na Tete Mias walikuwa kama pua na mdomo. Walivua pamoja, wakajenga boti pamoja, na kila mwaka wakati wa karafuu Kasim alihamia kwetu mwezi mzima kusaidia kuchuma, analala kwa Mias, anaswali ukumbini kwa Mias, na mke wa Mias alikuwa na vyungu vya Kasim peke yake ambavyo nyama ya nguruwe haikuwahi kuvisogelea.

"Baba alifariki bahari ikiwa imeshatulia," Halija akasema. "Aliugua muda mrefu. Siku za mwisho kila injini iliyolia baharini aliuliza, 'Huyo ni Mias?' Tukamwambia, si yeye baba, ni boti ya samaki. Ikilia nyingine, 'Huyo ni Mias?' Mwishowe tukaanza kumdanganya. Yuko njiani, baba. Anafunga boti, baba. Nimemdanganya baba yangu mpaka akafa." Alijipangusa uso na ncha ya ushungi. "Mimi sina neno na kanisa lenu. Lakini aje yule mzee anieleze alikuwa wapi. Akija, hiyo boriti nitaivuta kwa meno yangu."

Walituletea papeda na mchuzi wa samaki wa manjano, tukauvuta ule ute wa sago kwa vijiti, tukameza, na haukushuka vizuri. Kijaluba tulikiacha pale pale mkekani.

Kurudi, tulipofika nusu ya mlango wa bahari, Dorkas akanigeukia. "Wifi, Tete Mias mwambie wewe," akasema. "Mimi nikimwambia atadhani ni Raja anasema."

Tete Mias alikuwa barazani kwake anavunja kwa jiwe kokwa za kenari, zile njugu ngumu za msituni kwetu. Hakuuliza kitu. Niliketi chini, nikachukua jiwe la pili, nikaanza kuvunja naye, na huku navunja nikamweleza yote kama Halija alivyosema. Nilipofika pale pa "huyo ni Mias," jiwe lake lilisimama.

Alilitua jiwe, akapangusa maganda mapajani.

"Nilikwenda," akasema.

"Tete?"

"Nilisikia anaumwa. Nikatia mafuta, nikaondoka peke yangu. Nilipofika katikati nikaona boti mbili zimezima injini, zimekaa tu. Sikuzijua. Walisema bahari imetulia, lakini mashua iliyokaa tu bado ilikuwa na maana moja, inavizia. Nikangoja waondoke. Hawakuondoka. Nikageuza." Alichukua kokwa, akaigeuzageuza, akairudisha. "Nilisema nitakwenda kesho. Kesho nikaona aibu ya jana. Habari ya msiba ikaja, nikaona nikienda wataniuliza, sasa ndio unajua njia? Basi nikasema wao ndio waliokosa. Nimelisema sana hilo, Yakomina. Ukilisema sana linakaa mdomoni kama meno ya bandia."

Nikataka kumpa pole, nikaona pole haitoshi. Nikamwambia, "Marthen anaondoka asubuhi. Leta mto wa kukalia, ubao wa boti ni mgumu."

"Sijasema nakwenda."

"Na mimi sijasema unakwenda. Nimesema ubao ni mgumu."

Asubuhi alikuja, kavaa koti lake jeusi la wazee wa kanisa katika jua lile, mto kwapani. Baharini alishika ukingo wa boti kwa mikono miwili na hakuachia. Maji yalikuwa yamejaa safari hii, boti ikafika mpaka mchangani, na Halija alikuwa amesimama pale. Hatujui nani alimwambia. Labda alikuwa anakuja kila siku.

Tete Mias akashuka mwenyewe, akakataa mkono wa Marthen. Wakatazamana.

"Umezeeka," Halija akasema.

"Na wewe umenenepa."

"Ulikuwa wapi, Tete?"

"Katikati ya bahari."

Akamweleza pale pale, wamesimama, maji yakiwapiga vifundoni. Hakupunguza chochote, alisema na lile la aibu, na lile la kuwasingizia. Halija alimsikiliza, uso umekaza.

"Boti mbili?"

"Mbili."

"Zilikuwa na watu gani?"

"Sijui. Sikukaa kuwachungulia."

"Huenda walikuwa wavuvi wetu. Siku zile walikuwa wanazima injini kubana mafuta."

"Huenda," Tete Mias akasema. Na midomo ikaanza kumcheza. "Huenda kweli."

Halija akatoa sauti ambayo sikujua ni kilio au kicheko. "Baba angekucheka, wewe mzee!"

"Angenicheka mwaka mzima. Angewahadithia mpaka samaki."

"Basi twende ukamhadithie wewe," akamwambia, akamshika mkono.

Makaburi ya Amalesi yako nyuma ya msikiti, penye mchanga mweupe. Tete Mias aliketi chini kando ya kaburi la Kasim, koti jeusi likajaa mchanga, akaanza kuongea. Sisi tukasogea mbali. Hatukusikia maneno, tulisikia ile sauti ya kuita mashua, ikijaribu kunong'ona na kushindwa. Dorkas alisimama karibu nami. Alinishika kidole kimoja, akakikamata vile vile kama mtoto, mpaka mzee alipoinuka.

Bapa Taslim alifungua kijaluba adhuhuri ile. Alitafuna, midomo ikawa myekundu, akakipitisha, na kijiji chote kikatafuna.

Mti waliuchagua pamoja, Tete Mias akibebwa kwenye kiti mpaka msituni, akikataa huu na ule mpaka Halija akamuuliza kama anatafuta boriti au mchumba. Imamu akaomba dua, wanaume wa Amalesi wakaangusha, wakachonga huko huko. Sisi tulirudi nyumbani kujiandaa, maana sheria ni kwamba wenye kanisa hawaigusi boriti. Kazi yao ni kupika na kunyamaza. Kupika tulipika.

Siku ya kuvusha, tulitoka boti zote kuwapokea katikati ya mlango. Wao walikuja wengi kuliko tulivyotarajia, ngoma zinalia, upatu unalia, boriti imefungwa kati ya boti mbili kubwa, imefunikwa kitambaa cheupe kirefu ambacho ncha zake zilielea nyuma majini. Nilimwona mume wangu anafuta macho, nikajifanya simwoni.

Ndipo mkondo wa pale katikati ukatuonyesha kazi. Kamba ya mbele ilikatika kwa mlio kama wa risasi. Boriti ikageuka, ikaisukuma boti moja ubavu, ngoma zikanyamaza, na mti wetu ukaanza kuondoka peke yake kuelekea bahari kuu, kitambaa cheupe kikiufuata kama bibi harusi anayetoroka.

"Usiuguse!" mtu wa Amalesi akampigia Marthen kelele, kwa sababu ya sheria.

"Nisiuguse uende Papua?" Marthen akajibu, akaruka.

Basi wakaruka. Wao, sisi, waliovua mashati na wasiovua. Boti zikazunguka, vichwa vikajaa kando ya boriti kama nazi, huyu anashika mti, yule anashika kitambaa, huyu anamshika mwenziwe ukosi. Dorkas alisimama kwenye boti yetu akirusha kamba, na ilipopungua alivua kitambaa chake cha kiunoni, akakirusha nacho. Bapa Taslim kwenye boti ya pili akafanya vivyo hivyo kwa kilemba chake. Mkondo ulituvuta mbali, lakini ulituvuta wote pamoja, na ulipochoka tukawa bado tumeishika.

Waliotoka majini walikuwa wanatetemeka na kucheka. "Sheria je?" Marthen akauliza, amening'inia kwenye ukingo.

Bapa Taslim akamtazama Dorkas. "Mababu waliokoana majini," Dorkas akasema. "Nadhani baharini inaruhusiwa."

"Nadhani," Bapa Taslim akakubali.

Kuipandisha kulichukua siku mbili. Wanaume wa Amalesi walipanda kuta za kanisa letu na kofia zao za kuswalia vichwani, wakipigiana utani kutoka pembe moja hadi nyingine. Chini tulikuwa na vyungu vipya kabisa na samaki wa kutosha. Nguruwe wote wa kijiji walikuwa wamehamishiwa upande wa pili wa kilima, isipokuwa mmoja mkaidi wa Dorkas mwenyewe aliyekata kamba akaja kuangalia ujenzi. "Mama Raja," Halija akapaza sauti, "mgeni wako huyu mbona hajavaa?" Sijapata kumwona wifi yangu akikimbia namna ile. Wakati wa swala walishuka, wakajipanga uwanjani mwa shule, na watoto wa kwaya waliokuwa wanafanya mazoezi wakaambiwa wangoje. Wakangoja, wamekaa ukutani, miguu inaning'inia.

Boriti ilipokaa mahali pake, aliyekuwa juu aligonga kwa nyundo mara moja, na mti ukajibu kwa sauti nzito. Hatukupiga vigelegele mara ile. Tulisikiliza kwanza mpaka mlio ule ukaisha. Kisha tukavipiga mpaka koo zikauma.

Tangu siku hiyo hakuna aliyemwita Dorkas "yule wa Marthen." Mimi pekee ndiye ninayemwita vibaya, na mimi nina haki, ni wifi.

Jioni wageni walipokuwa wanapakia boti, tuliwaona wakimnyanyua mtu. Tete Mias, koti jeusi, mto kwapani, na kifurushi cha nguo.

"Tete!" nikaita. "Unakwenda wapi?"

"Amalesi. Halija anasema zamu ni yangu. Kasim amelala kwangu miaka yote ile."

"Utarudi lini?"

"Wakinichoka."

"Na Jumapili? Nani atasoma matangazo?"

Alifikiri, injini ikiwa tayari inanguruma. "Mchungaji anajua kusoma," akasema, na Halija akamsogezea mto vizuri, boti ikageuza pua yake kuelekea Seram. Mpaka leo ninaposimulia, msimu wa karafuu umekaribia kuisha, hajarudi. Wametuletea salamu kwamba anakula sana, anagombana na imamu juu ya bei ya samaki, na kwamba tusimfuate.